Komeo la Lango la Mbare

Katika zama za wahenga wetu, Wahembe walipokuwa bado na vumbi la safari miguuni, na moto wao wameubeba vyunguni kutoka nchi ambayo hakuna tena anayekumbuka jina lake, alizaliwa mtu aliyeitwa Semhando. Alikuwa mwana wa Guga, mwana wa Lutembo, mwana wa Mazoya, yule aliyetangulia kutia mguu katika maji ya mto Luhombo akasema hapa panatosha. Mama yake alikuwa Mbwene, dada wa Hoza wa Kilimani. Sisi tunaoisimulia habari hii ni wa ukoo wa Hoza, na tunalisema mapema ili mtu asije akadhani tunamsifu Semhando kwa kuwa aliwapendelea babu zetu. Hakuwapendelea. Ndiyo sababu tunamshukuru, ingawa shukrani hiyo ilituchukua muda kuimeza.

Huyo ndiye Semhando, Bega la Wahembe, Mwenye Kifua Kipana Kama Lango, ambaye akiwa kijana aliuvuka Luhombo uliofurika akiwa na ndama wawili, mmoja kila kwapa, kisha akarudi kumfuata mama yao aliyekuwa akilia ng'ambo. Watu wa Bondeni husema ndama walikuwa watatu. Tuwaachie watatu wao. Baba yake alikufa Semhando angali mtoto mdogo, na mjomba wake Hoza ndiye aliyemlea yeye na dada yake mdogo, Nyange, kwa maziwa ya ng'ombe zake mwenyewe. Hoza ndiye aliyemfunza kurusha mkuki, na ngao ya kwanza ya Semhando ilikatwa katika ngozi ya fahali wa Hoza. Nyange alipokua aliolewa Bondeni, katika kijiji cha Mbare, na mtu mpole aliyeitwa Kibua, mlinzi wa lango la kijiji.

Nchi yetu wakati ule ilikuwa kama ilivyo leo, pande mbili na mto katikati. Kilimani walikaa wafugaji, na udongo wao ni mwekundu. Bondeni walikaa wakulima wa migomba na mtama, na udongo wao ni mweupe. Mbali, kwenye mbuga za chini, walikaa Wakwiva, watu wasiofuga wala kulima, waliongoja wengine wafuge na walime kisha wakaja kuchukua. Kwa ajili ya Wakwiva hao Wahembe waliweka jeshi moja, vijana wa Kilimani na vijana wa Bondeni wakila chungu kimoja katika kambi ya kivukoni, na jemadari wao akawa Semhando.

Kila baada ya mavuno saba Wahembe walimchagua mshika kigoda, kwa kuni, kama mtakavyofanya ninyi leo hii. Kila mwenye nyumba alikuja na ukuni mmoja akauweka miguuni pa mtu aliyemtaka. Aliyepata rundo kubwa zaidi alikalia kigoda. Kisha marundo yote yalitiwa katika moto mmoja, na juu ya moto huo kikapikwa chakula cha watu wote, walioshinda na walioshindwa, kwa sababu wahenga walijua kwamba mtu akishashiba ni vigumu kuendelea kununa.

Basi ulifika mwaka ambao Hoza wa Kilimani alikitaka kigoda, na Mtangi wa Bondeni naye akakitaka. Na mwaka huo Semhando, shujaa wetu, alifanya kosa ambalo ni mtu wa Uhembe peke yake angeweza kulifanya.

Ngao ya ngozi isipopakwa udongo uliokandwa kwa mafuta hupasuka jua linapowaka. Tangu mwanzo udongo wa ngao za jeshi ulitoka pande zote mbili, mwekundu na mweupe, ukasagwa pamoja hadi hakuna aliyeweza kusema huu ni wa nani. Mwaka ule wake wa Hoza waliwahi. Walishuka kambini na vikapu kumi vya udongo mwekundu, uliokandwa vizuri, na nyimbo juu yake. Wa Bondeni walikuwa shambani, mtama wao ulikuwa unaliwa na ndege, wakachelewa. Vijana walimwuliza jemadari kama wangoje. Semhando alivitazama vikapu, akaona mkono wa mjomba wake uliomlisha, akaona pia kiangazi kinakuja na ngozi zimeanza kulia.

"Udongo ni udongo," alisema. "Pakeni."

Kwa neno hilo moja jeshi la Wahembe likawa jekundu kutoka mwisho hadi mwisho. Hakukusudia ubaya. Lakini vijana, ambao walikuwa vijana kama wenu, walipojiona wote wana rangi moja walianza kuimba wimbo wa rangi hiyo. Walipopita Bondeni kwenye doria walimwimba Hoza, na mmoja wao akasukuma kwa mguu kuni ambazo watu wa Mtangi walikuwa wanazikusanya, wenzake wakacheka. Semhando aliambiwa. Alimkaripia kijana yule, kisha akaona amemaliza. Bondeni hawakuona kwamba amemaliza. Minong'ono ilianza kwamba siku ya kuchagua jeshi litamwekea Hoza kigoda kwa nguvu, na kwamba mtu mwenye akili afunge lango lake mapema.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kuni. Asubuhi, umande haujakauka, baragumu ya Mbare ililia mara tatu, na kila mtu alijua maana yake ni Wakwiva. Semhando aliruka na vijana mia mbili, wakashuka kwa mbio bila kupumzika, naye mbele yao, moyo wake ukimtangulia, kwa sababu ndani ya boma lile alikuwamo Nyange. Walitokea kwenye migomba wakaliona lango li wazi. Wakashukuru.

Kisha lango likafungwa.

Waliufikia ukuta wa miti wakalipiga lango kwa ngumi. Semhando alitaja jina lake, akataja jina la baba yake, akalia, "Fungueni, ni sisi." Kutoka ndani alisikia gogo la mvule, komeo la lango, likisukumwa hadi mwisho wake. Kifua kile kipana aliligonga nacho lango mara nne, lakini lango la Mbare lilijengwa ili mtu kama yeye asiingie. Na wakati jeshi la Wahembe linasihi mbele, Wakwiva walikuwa wanakata miti ya ukuta nyuma. Ilibidi vijana wauzunguke ukuta wote kupitia uzio wa miiba. Walipoingia, walipigana kama Wahembe wanavyopigana, na Wakwiva walitimuliwa hadi mbugani. Lakini walikuwa wamekwisha kuua watu kumi na mmoja. Kibua, mume wa Nyange, aliyekuwa amemwachia mkewe lango, alikuwa mmoja wao, amelala kwenye tundu la ukuta na panga la shambani mkononi.

Semhando alimkuta dada yake bado kwenye lango, mgongo wake kwenye komeo.

"Nyange," alisema, "hukunijua?"

"Nilikujua, kaka," alijibu Nyange. "Nilikujua tangu kule kwenye migomba, kwa mwendo wako. Nilikuona, nikafunga. Niliziona ngao, nikadhani mmekuja pamoja na Wakwiva."

Hakuna mkuki uliowahi kumwingia Semhando mahali pale neno hilo lilipomwingia. Angeweza kusema kwamba ni hofu ya wanawake, au kwamba ni uongo wa watu wa Mtangi, na wapo majemadari ambao wangesema hivyo na kulala vizuri. Yeye alijua ni nani aliyesema udongo ni udongo.

Baada ya mazishi alisimama mbele ya watu wa Mbare, akavua kilemba chake cha manyoya, akasema, "Watu hawa kumi na mmoja hawakuuawa na Wakwiva peke yao. Mimi nimelipaka jeshi lenu rangi ya mtu mmoja, na mliposikia hatua zetu hamkujua tunamjia nani. Kosa ni langu. Nawaomba kitu kimoja, komeo la lango hili."

Walimpa. Akaliweka begani, gogo ambalo watu wawili hulishika kwa taabu, akatembea nalo hadi mtoni, jeshi zima nyuma yake. Pale aliwaamuru vijana waingie majini, wasugue ngao zao kwa mchanga. Luhombo ulikwenda mwekundu hadi adhuhuri. Walipotoka, ngao zilikuwa ngozi tupu, na Semhando akatoa tamko ambalo kila askari wa Uhembe hulijua kabla hajapewa mkuki:

"Tangu leo ngao zetu hazitapakwa udongo wa mtu yeyote, wala wa pande mbili, kwa maana nimeona jinsi upande mmoja unavyowahi. Tutazipaka mafuta ya nyonyo tu, kila siku ya saba, kwa mikono yetu wenyewe. Ni kazi zaidi. Tutaifanya."

Ni kazi zaidi kweli. Waulizeni wanajeshi wetu, mafuta yale yananuka na hayatoki kwenye kucha. Wananung'unika tangu enzi za Semhando hadi sasa, na bado wanapaka. Mungu awabariki kwa kunung'unika kwao na kwa kupaka kwao.

Habari ilimfikia Hoza. Akamwita mpwa wake Kilimani, akamkalisha kwenye ngozi ileile aliyoikalia alipokuwa mtoto, akaongea naye taratibu.

"Mpwa wangu, nimesikia umeosha udongo wangu. Sikasiriki. Una msiba. Lakini siku ya kuni inakuja, na Mtangi anatumia wafu wale kuwatia watu uchungu. Nilikulea. Sikuombi umpige mtu. Nakuomba usimame tu nyuma yangu, wewe na vijana, na mikuki yenu. Kusimama tu."

Semhando aliinamisha kichwa. Alimpenda mzee yule kuliko watu wote waliokuwa hai, ukimtoa Nyange, na alijua kwamba kumkataa mjomba aliyekulea ni jambo ambalo ukoo hauwezi kulisahau kwa msimu mmoja.

"Mjomba," alisema, "nikisimama nyuma yako na mkuki, mtu anayekuja na ukuni wake hatakuona wewe. Ataona mkuki. Utakikalia kigoda, na kila lango la Bondeni litafungwa mbele yangu hadi nife, na Wakwiva watajua."

"Kwa hiyo unanikataa."

"Nakunyima mikuki, mjomba. Ukitaka niwakamue ng'ombe wako, ninaanza sasa hivi."

"Basi kamua," alisema Hoza kwa hasira, akidhani anamdhalilisha.

Na Semhando, jemadari wa watu mia mbili, alikwenda zizini akakamua ng'ombe wote arobaini wa mjomba wake, akayapanga maziwa mlangoni, akaaga kwa heshima, akashuka. Hoza hakuitikia. Babu zetu walikuwepo, walituambia kwamba maziwa yale yalikaa mlangoni hadi yakaganda, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuyanywa.

Chini kivukoni alimkuta Mtangi anamngoja, na vikapu vya udongo mweupe.

"Jemadari," alisema Mtangi kwa sauti ya matanga, "shemeji yako alikufa kwa ajili ya rangi ya Hoza. Sasa wewe ni wetu. Pakeni huu, mje siku ya kuni, watu waone jeshi liko upande wa waliofiwa."

"Mzee Mtangi," alisema Semhando, "huu ni udongo mzuri sana. Urudishe nyumbani ukasiribe ukuta."

Siku ya kuni ilifika, jua limetulia, watu wakajaa uwanjani kando ya kivuko, wa Kilimani upande huu, wa Bondeni upande ule, na katikati nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Wote walikuwa wanatazama mtoni. Na jeshi likaja. Likasimama ukingo wa pili. Kisha, mbele ya macho ya kila mtu, askari mia mbili waliichomeka mikuki yao ardhini, wakaweka ngao chini, wakavua mavazi ya kambi, na wakavuka mmojammoja, kila mtu na nguo ya nyumbani kwao na ukuni wake mkononi. Hawakuimba. Kila mmoja aliweka ukuni alikotaka, kama mwenye nyumba mwingine yeyote, akarudi alikotoka. Wazee waliona kijana akiweka kwa Hoza na rafiki yake, aliyekula naye chungu kimoja, akiweka kwa Mtangi, kisha wakirudi pamoja wakibishana kuhusu samaki.

Semhando alivuka mwisho, komeo begani na ukuni mkononi. Watu walinyoosha shingo kuona atauweka wapi. Aliyapita marundo yote mawili, akaenda moja kwa moja mekoni, akaupenyeza ukuni wake chini ya chungu cha watu wote, akauwasha. Hadi leo hakuna ajuaye moyo wake ulimtaka nani, na jemadari wa Uhembe ndiye anayewasha moto wa chakula siku ya kuni.

Rundo la Mtangi lilikuwa refu zaidi, kwa urefu wa kiganja. Hoza alilitazama rundo lake, na mzee aliyekuwa na busara siku zote, siku ile akakosa. Alinyanyuka akapaza sauti, "Semhando! Waite vijana wako."

Hapo ndipo nchi hii ilipozaliwa au ilipokaribia kufa, na ilikuwa kimya kiasi kwamba maji ya chungu yalisikika yakianza kuchemka. Mtangi alifumba macho. Semhando aliisikia sauti iliyomwita kula tangu utotoni, na miguu yake, inasimuliwa alisema baadaye, ilitaka kwenda yenyewe kwa mazoea. Aliliteremsha komeo begani, akalilaza chini mbele ya miguu yake, akabaki nyuma yake.

"Mjomba," alisema, "mikuki iko ng'ambo, na huku tumekuja na kuni. Chakula kitakuwa tayari sasa hivi. Karibu ule."

Hoza hakula. Aliondoka na fimbo yake, peke yake, akapanda Kilimani, na kwa misimu miwili hakutamka jina la Semhando. Mtangi alikikalia kigoda. Hakuwa mshika kigoda mzuri sana, tuseme ukweli, lakini alikikalia kwa kuni, na kwa kuni alikuja kuondoka.

Msimu wa tatu Wakwiva walibadilisha njia wakapanda Kilimani. Walilizunguka boma la Hoza mchana, wengi kuliko siku ya Mbare, na Hoza akapuliza baragumu bila matumaini. Alijua kigoda ni cha Mtangi. Alijua alimwacha mpwa wake na chakula uwanjani mbele ya watu. Alikaa kwenye tundu la lango lake, mkono juu ya komeo, akitazama njia, na alipoona vumbi aliogopa vumbi lile kama alivyowaogopa Wakwiva. Kisha akaziona ngao. Hazikuwa nyekundu. Hazikuwa nyeupe. Zilikuwa ngozi tupu, zinang'aa mafuta ya nyonyo, na mbele yao mtu ambaye mwendo wake aliufundisha yeye mwenyewe.

Mzee alilinyanyua komeo kwa mikono yake miwili akalitupa mbali. Jeshi likaingia kama maji. Hakufa mtu Kilimani siku ile, ila mbuzi mmoja aliyekanyagwa, naye akaliwa jioni kwa shukrani. Ndani ya boma lile walikuwamo babu zetu, wengine wakiwa migongoni mwa mama zao. Kama Semhando angelikubali kusimama tu siku ile, Bondeni wangeliweka jeshi lao, Kilimani lao, na Wakwiva wangelitukuta sisi wa Hoza peke yetu. Tusingekuwepo hapa kusimulia. Hoza alimshika mpwa wake mabegani, akaenda zizini, akarudi na kibuyu cha maziwa aliyoyakamua mwenyewe, akampa. Semhando aliyanywa yote.

Aliliongoza jeshi mavuno ishirini na moja, chini ya washika kigoda watatu, naye akamtii kila mmoja wao sawasawa, hata yule aliyekuwa akikoroma barazani. Nywele zilipokuwa nyeupe alimkabidhi mkuki kijana wa Bondeni mwenye mama wa Kilimani. Komeo hakumkabidhi mtu. Alilibeba begani, polepole sasa, akashuka Mbare kwa dada yake.

Tangu msiba ule hawakuwahi kulizungumza tena jambo lile. Nyange alikuwa mzee, na bado alikaa karibu na lango, akichambua mtama. Lango lilikuwa li wazi.

"Nimewarudishia komeo lenu," alisema Semhando.

"Lango hili halijapata komeo jingine tangu ulipoliondoa lile," alijibu Nyange. "Watu walisema tukate gogo jipya, nikawaambia wangoje. Wamengoja hadi wamesahau."

Semhando alisimama na gogo lake, Bega la Wahembe. "Nyange, siku ile..."

"Leo pia nimekuona tangu kwenye migomba, kaka," alisema Nyange. "Nimekuona, nimefungua. Ingia ule."

Mzee yule alilia mbele ya lango kama mtoto, na dada yake hakumkataza. Akaingia, akala. Kesho yake aliwaomba watu wachimbie miti miwili yenye panda pale kivukoni, ng'ambo, jeshi linapoacha silaha, akalilaza komeo juu ya panda hizo. Kisha aliufuata Luhombo kuelekea chanzo chake, bila mkuki na bila ngao, na ukungu wa asubuhi ukamchukua. Waliomtafuta waliziona nyayo zake hadi kwenye jiwe la kwanza la mto, na hapo hakuna nyayo zinazotoka wala zinazorudi. Kaburi lake hatulijui. Hatukuwahi kulihitaji.

Sasa tazameni ng'ambo, enyi watu wa Kilimani na wa Bondeni mliokuja na kuni zenu. Mikuki imeegemezwa kwenye gogo lile la mvule, na watoto wenu wanavuka mikono mitupu. Mnajua kwamba askari akifika mlangoni pa Mhembe, saa yoyote, husema neno moja, "Ni mimi," na hata kama mwenye nyumba hajawahi kumwona maishani, hata kama waliweka kuni kwenye marundo tofauti, humjibu alivyojibu Nyange.

Nimekuona, nimefungua.